Mwanangu anataka kurudi chuoni, nami bado ninahesabu vidonge vyake

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa miaka 20 na binti wa miaka 14. Kijana wangu anaishi na ugonjwa wa baipola, ule unaoipandisha na kuishusha hali ya moyo kupita kiasi. Alipokuwa na miaka 17 alianza kujifungia chumbani, akaacha kuchora, jambo alilolipenda tangu utotoni, akawa anashinda kitandani na kusema kwamba kuwepo kwake hakumfai mtu yeyote. Daktari wa kwanza alisema ni sonona, akampa dawa. Wiki chache baadaye kijana akageuka: halali, hachoki, maneno yanamtoka kwa kasi hadi anakosa pumzi, na ukuta mzima wa sebule akauchora ramani ya mji ambao alisema amechaguliwa kuujenga. Saa tisa usiku alituamsha sote tuusikilize mpango huo. Nilipomshika mkono ili akae, alinisukuma nikaangukia kabati, naye hajawahi kuninyanyulia mkono maishani mwake. Mdogo wake alikimbilia chumbani akasogeza kitanda hadi mlangoni. Usiku huo ndipo tulipompeleka hospitali, na huko ndiko tulikolisikia jina la baipola kwa mara ya kwanza.

Alipewa lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, akapata nafuu, akamaliza shule na kujiunga na chuo kusomea usanifu wa majengo. Katikati ya muhula wa pili aliacha dawa bila kumwambia mtu. Tulipata habari pale mwenzake wa bwenini alipotupigia simu kusema kwamba hajalala kwa siku kadhaa na kwamba pesa za ada amewagawia watu. Alilazwa tena, akarudi nyumbani, na tangu hapo yuko nami.

Sasa hali yake ni nzuri. Analala, anacheka, anasaidia kazi za nyumbani, na anataka kurudi chuoni muhula ujao, akae bwenini kama zamani. Hapo ndipo moyo wangu unapogoma. Dawa zake hukaa katika kisanduku chenye vyumba vya siku saba, na kila usiku anapoingia kuoga mimi hukifungua na kuhesabu. Huangalia pia kwenye simu alikuwa mtandaoni saa ngapi kwa mara ya mwisho, ili nijue kama amelala. Siku za karibuni nimekuta vidonge ambavyo havikupaswa kubaki. Tena naona mikono ikimtetemeka anapochora, kisha anachana karatasi kwa hasira na kutoka nje, nami nadhani hasira ile ya zamani inarudi. Wiki iliyopita alinikuta nimekishika kile kisanduku. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, nikicheka mnatazamana, nikinyamaza unanigusa paji la uso. Ni lini nitaruhusiwa kuwa na siku ya kawaida?" Sikuwa na jibu.

Mume wangu anasema nimwachie kijana aende, kwamba dawa za namna hiyo zitamharibu, na kwamba akishika masomo kwa bidii hatapata nafasi ya kuugua. Najua alikuwa na baba mdogo aliyeugua akili, ambaye ukoo wao haumtaji. Juu ya hayo yote, binti yangu ameanza kukesha na simu, na kila nikimsikia akicheka usiku wa manane tumbo linanikata.

Je, niache kuhesabu? Nimwandikie mlezi wa wanafunzi nimweleze hali ya mwanangu bila yeye kujua? Au nimkatalie kurudi, walau kwa mwaka mmoja?

Mama asiyelala

JIBU LA MSHAURI

Mama mpendwa,

Pole sana kwa mzigo huu, ambao kwa jinsi ulivyoandika naona umeubeba karibu peke yako. Umeuliza maswali matatu, nami nikiyaweka pamoja nasikia moja: utamlindaje mwanao dhidi ya ugonjwa uliokwisha kumwangusha mara mbili, bila kumnyang'anya maisha yale yale ambayo matibabu yalikusudiwa kumrudishia?

Hofu yako si ya kufikirika, na sitakuambia uiweke kando. Baipola ni ugonjwa wa kurudi, na mtu anapoacha lithiamu ghafla, hatari ya kupatwa tena na mania, yaani ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, hupanda sana katika miezi ya mwanzo. Ila kuna jambo katika simulizi yako ambalo huenda hujawahi kulihesabu kuwa jema. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya 20, mara nyingi ukianza kwa sura ya sonona, ndiyo maana daktari wa kwanza aliona sonona tu, na ndiyo maana dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hii zinaweza kuchangia kuamsha mania. Wengi hungoja miaka, kwa wastani inayokaribia sita, kabla ya kupata jina sahihi. Mwanao alilipata mapema. Tena hayuko peke yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 walikuwa wakiishi na baipola, na miongoni mwao wapo wengi waliosoma, wakafanya kazi na kulea watoto. Hakuna ulilolitenda katika malezi lililouleta ugonjwa huu.

Sasa tukitazame kile kisanduku. Unakifungua ukitafuta uhakika, lakini kidonge kilichotoka humo si lazima kiwe kimemezwa, na kilichobaki hakikuambii kwa nini kimebaki. Kinachoonyesha kama lithiamu imo mwilini kwa kiasi kinachofaa ni kipimo cha damu, kinachochukuliwa takribani saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kwa watu wengi wanaoendelea na tiba, madaktari hulenga kiwango kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita moja ya damu, na sambamba na hilo hukagua figo na tezi ya thairoidi iliyo shingoni mara kwa mara. Mwanao akikubali kwa hiari kukuonyesha majibu ya kipimo hicho, utakuwa umejua mengi kuliko kisanduku kinavyoweza kukuambia, nawe utakuwa umeyajua kutoka kwake.

Lakini katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka, nayo ndiyo niliyoirudia: kwamba mikono inamtetemeka anapochora. Kutetemeka mikono ni mojawapo ya athari zinazojulikana sana za lithiamu. Kwa mtu wa kazi nyingine huenda lingekuwa kero ndogo, ila kwa kijana anayesomea usanifu wa majengo, ambaye thamani yake darasani inapimwa kwa mstari ulionyooka, hilo linaweza kuwa jambo la kukatisha tamaa kabisa. Je, inawezekana kwamba vidonge vinavyobaki havisemi "sitaki kupona" bali vinasema "nataka kuchora"? Inawezekana pia kwamba karatasi iliyochanwa ilichanwa kwa sababu ya mstari uliopinda, kama ambavyo mchoraji yeyote mwenye afya angeichana. Anayejua ni yeye, na kwa yote uliyonieleza, sioni mahali ambapo mtu amemuuliza.

Ukiamua kumuuliza, huenda mazungumzo yakaanzia kwenye ukweli wa unachokijua tayari, kwa sababu vidonge umeviona na kujifanya hukuviona kungemfanya akushuku zaidi. Unaweza kumwambia hivi: "Nimeona vidonge vimebaki. Sikuulizi ili nikugombeze. Dawa hii inakufanyia nini ambacho hukipendi?" Kisha umwache aseme hata kama jibu linakuchoma, maana wapo vijana wanaosema wazi kwamba wanaikosa ile nguvu ya siku za mwanzo za mania, kabla haijaharibika, na wengine huacha dawa kwa kuwa tu wanajiona wazima. Akisema ni mkono, kuna mengi ya kumpelekea daktari: dozi inaweza kupunguzwa kidogo, saa ya kumeza ikabadilishwa, kidonge kinachoyeyuka taratibu kikajaribiwa, dawa ya kutuliza mtetemeko kama propranololi ikaongezwa, au mgonjwa akahamishiwa dawa nyingine kabisa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni la kufanyia nyumbani. Jambo moja ni la haraka, na ningependa alijue kwa moyo kabla hajalala bwenini hata usiku mmoja: mtetemeko ukizidi ghafla na kuandamana na kutapika, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito au kuchanganyikiwa, huenda lithiamu imezidi mwilini, na ni hospitali moja kwa moja. Upungufu wa maji mwilini na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuipandisha.

Maneno aliyokuambia alipokukuta na kisanduku yana uzito pia. Mtafiti George Brown na wenzake jijini London walianza katika miaka ya 1950 kuwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili, waliotoka hospitali, na ikaonekana kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, au zenye wasiwasi uliopitiliza, waliugua tena mapema zaidi. Baadaye David Miklowitz, mwanasaikolojia wa Marekani, akaona mambo ya namna hiyo katika familia zenye baipola. Naomba usiyasome haya kama shtaka. Joto hilo nyumbani huzaliwa na ugonjwa wenyewe, na mama aliyesukumwa na mwanawe saa tisa usiku hawezi kuamriwa asiwe na wasiwasi. Nayataja kwa sababu yamezaa msaada wa kweli: tiba ya familia ambamo mgonjwa, wazazi na ndugu hujifunza ugonjwa pamoja, hujizoeza kusemezana bila kushambuliana, na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Muulizeni daktari kama yupo mtu karibu nanyi anayeitoa.

Kipande kimoja cha tiba hiyo mnaweza kukianza wenyewe, nacho ni makubaliano yanayoandikwa wakati mgonjwa ni mzima. Kalamu aishike yeye. Aandike dalili zake mwenyewe za mwanzo, na kwa historia mnayoijua tayari baadhi yake ni usingizi kupungua bila uchovu, maneno kwenda mbio, mipango mikubwa na pesa kutoka mkononi. Aandike nani ana ruhusa ya kumwambia "naona dalili" na kwa maneno gani, ni dalili ngapi zikikutana ndipo daktari apigiwe simu, na ada ilipwe vipi ili isipitie mikononi mwake. Wewe nawe uandike unachokiacha, labda kisanduku, labda kumchungulia mtandaoni. Orodha ya namna hii husaidia hata macho yako, kwa kuwa madaktari wenyewe hawaiti mania kwa hasira ya jioni moja: hutafuta mabadiliko yaliyokusanyika pamoja na kudumu kwa siku, takribani wiki nzima kwa mania na angalau siku nne kwa ile hali nyepesi zaidi, haipomania, isipokuwa hali iwe mbaya kiasi cha kulazwa. Hatari ya makubaliano ipo, nami sitaificha. Mania ikishika, mtu anaweza kuikana saini yake mwenyewe, na wapo wanaokubali kila kitu ili tu wazazi wanyamaze. Ndiyo maana ni vizuri daktari awe na nakala, na mtu mwingine anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe, awe shahidi.

Kuna jambo gumu zaidi la kuzungumza. Aliwahi kusema kuwepo kwake hakumfai mtu. Sonona ya baipola hubeba hatari ya kujiua, na kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani, bali wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Iwapo siku moja atajibu ndiyo, asiachwe peke yake hadi apate msaada wa daktari. Kwa kuwa lithiamu nyingi kwa mara moja ni sumu, mwombeni daktari ushauri juu ya kiasi anachofaa kuwa nacho bwenini.

Mumeo sitamsemea, lakini ningeuliza kama ukali wake kuhusu dawa hautokani na baba mdogo asiyetajwa. Mtu aliyekua akiona ugonjwa ukifichwa anaweza kutamani sana kuamini kwamba bidii inatosha. Habari za mzee yule zina faida kubwa kwa daktari, kwa sababu baipola huandama damu, na hata mwitikio mzuri kwa lithiamu huelekea kufanana kati ya ndugu. Kama aliwahi kutibiwa na dawa fulani ikamfaa, hilo ni la kusema. Anayeogopa kwamba dawa itamharibu kijana anaweza pia kualikwa kwenye kliniki aulize mwenyewe kuhusu lithiamu, ambayo imetumika tangu daktari John Cade wa Australia alipoandika juu yake mwaka 1949, na ambayo madhara yake yanajulikana na yanaweza kupimwa.

Kuhusu binti yako, ni kweli kwamba ndugu wa mgonjwa yuko katika hatari kubwa kuliko watu wengine, pengine 5 hadi 10 katika kila 100, ila maana yake ni kwamba walio wengi hawapati ugonjwa huu. Usingizi wa kuchelewa na vicheko vya simu ni vya umri wake. Mimi ningehangaikia zaidi ule usiku aliosogeza kitanda mlangoni. Je, kuna mtu amekaa naye wakauzungumza?

Inabaki safari ya chuo. Kumwandikia mlezi kwa siri kunaweza kukupa jicho kule, lakini mwanao ni mtu mzima, na akigundua huenda akaufunga mlango ule unaokuletea habari zake. Kukaa kimya kabisa nako kuna hatari, kwani mara iliyopita aliyemwokoa ni mwenzake wa bwenini aliyekuwa na ujasiri wa kupiga simu. Kati ya hayo mawili ipo njia ya yeye kuchagua nani aambiwe na aambiwe nini. Huyo rafiki huenda akawa wa kwanza, kisha mlezi, hasa ikiwa anahitaji muda wa ziada kwa michoro. Daktari wake anaweza kukataa kukueleza mambo yake bila ruhusa, lakini hakuna kinachokuzuia wewe kumweleza daktari unachokiona.

Kumzuia mwaka mmoja kunaweza kuwapa nafasi ya kulimaliza suala la mkono na la dozi. Kunaweza pia kumwacha akiwatazama wenzake wakihitimu, na uvivu wa kulazimishwa ni mbolea ya sonona. Kumruhusu arudi vilevile alivyokuwa kunamrudisha kwenye mikesha ya wanafunzi wa usanifu kabla ya kukabidhi kazi, na kukosa usingizi kunaweza kuifungulia mania njia. Mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walijenga tiba nzima juu ya kutuliza ratiba ya siku: saa ile ile ya kuamka, ya kula, ya kukutana na watu, ya kulala. Je, chuo kinaruhusu masomo machache kwa muhula? Je, anaweza kupata chumba chenye utulivu kuliko bweni la zamani, na kujiandikisha kwa daktari wa karibu kabla ya siku ya kwanza ya masomo? Yeye mwenyewe anasemaje kuhusu usiku wa kabla ya kukabidhi michoro? Maswali haya myajibu mkiwa pamoja, baba akiwepo, na lolote mtakaloamua mliwekee tarehe ya kulitazama upya, mathalani baada ya wiki sita za mwanzo za muhula, kipimo chake cha damu kikiwa kimefanyika kabla ya mkutano huo.